Jumapili Kumi na Mbili

Makadara, Nairobi
9 Septemba 1984

Kwa ndugu yangu Kiilu,

Picha yako imefika na imeleta balaa. Mama aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena, kisha akaniuliza ni kosa gani mtoto wake amefanya hata akafungwa vyuma usoni. Nilimweleza kuwa ndivyo wanavyovaa wachezaji wa huko, na kwamba mabega yale si yako, ni ya kuvaa. Hakuniamini. Ameiweka picha ndani ya Biblia, kwenye Danieli, pale penye simba.

Sasa sikiliza jambo la maana. Baba mdogo Makau amekwenda Umoja kwa akina Lydiah mara mbili, na Mzee Thuo amekubali kutupokea Jumamosi tarehe 22 Desemba. Ametoa sharti moja tu, na alilisema akiwa amesimama: mwenye kuoa awepo mwenyewe. "Mimi sipokei mbuzi wa mtu ambaye yuko ng'ambo," ndivyo alivyosema. Lydiah amekungoja miaka mitano, Kiilu, tangu ulipoondoka kwenda chuo. Wenzake wote wa kwaya wana watoto wa kuanza nasari, na yeye ndiye anayewafundisha kuimba a-e-i-o-u. Baba yake anasema usipofika siku hiyo mlango anaufunga, na ninyi nyote mnajua mzee yule akifunga kitu kimefungwa.

Uliandika kwamba msimu wenu unaisha katikati ya Desemba, isipokuwa mkishinda sana ndipo mnaendelea hadi Januari. Basi nakuomba uniambie mapema. Mtashinda sana?

Dada yako,
Nthambi


Toledo, Ohio
24 Septemba 1984

Dada Nthambi,

Usijali kuhusu Januari. Tumecheza mara nne na tumeshindwa mara nne.

Najua hamwelewi kazi yangu, na wewe unaulizwa maswali, kwa hiyo nakueleza. Mpira wao una umbo la yai. Wenzangu wanaubeba kwa mikono na kuangushana nao. Mimi sibebi kitu. Timu ikikwama naitwa, nakimbia kutoka pembeni, naupiga kwa mguu upite katikati ya milingoti miwili, tunapata pointi tatu, narudi kukaa. Ni ule mguu wangu wa uwanja wa Makadara, hakuna uchawi mwingine. Kuna siku naingia mara nne, kuna siku mara moja. Jana sikuingia kabisa, kwa sababu timu yetu, Hammers, haikufika popote karibu na milingoti.

Nilidhani nimepata timu. Kumbe nimepata msiba. Juzi wachezaji wetu wawili waligongana wenyewe kwa wenyewe wakaanguka, na mpira ukapita katikati yao ukijiviringisha polepole, adui akauokota bila hata kuharakisha. Mashabiki wanakuja na magazeti. Nyuma ya benchi letu hukaa bibi mmoja mzee, na tukianza kushindwa hufungua gazeti lake na kusoma mpaka mwisho, kila Jumapili.

Mwambie Mzee Thuo nitafika. Mwambie Mama anikumbuke kwa maombi, mimi na timu nzima.

Ndugu yako,
Kiilu


Makadara, Nairobi
7 Oktoba 1984

Kiilu,

Umeondoka hapa miaka mitano tu, na tayari umesahau kwamba barua ya ng'ambo si ya mtu mmoja.

Uliandika "mwambie Mama anikumbuke kwa maombi." Mama akasikia neno maombi, akaichukua barua, akanishika mkono, tukaenda kwenye kikundi cha kina mama cha Alhamisi. Niliambiwa nisimame nisome. Ningefanya nini? Nikasoma. Wengine walikuwa wamefumba macho. Nilipofika kwa yule bibi na gazeti lake, "kila Jumapili," nikasikia mtu anavuta pumzi. Alikuwa Mama Lydiah.

Hadi Ijumaa jioni Mzee Thuo alikuwa amejua. Leo baada ya ibada alinisimamisha mlangoni mwa kanisa, watu wote wakipita, akaniuliza: "Kwa hiyo kijana wenu anacheza mpira siku ya Bwana? Halafu mnashangaa anashindwa?" Nilimwambia ni kazi. Akasema, "Hata mwizi husema ni kazi." Yeye ni mzee wa kanisa, Kiilu, mimi ni karani wa uchapaji.

Na sasa wote wamekubaliana. Mama, kina mama wa Alhamisi, hata Baba mdogo Makau ambaye hajaingia kanisani tangu alipobatizwa. Hammers wanashindwa kwa sababu wanacheza Jumapili. Mama anataka umwombe mkubwa wako akupe ruhusa siku hiyo moja, ucheze siku zile nyingine sita.

Mvua bado. Tunakula ugali wa mahindi ya njano yanayotoka huko kwenu, na Mama anasema una harufu ya meli. Kina mama wameweka utaratibu: kwanza wanaombea mvua, halafu wagonjwa, halafu Hammers.

Nijibu upesi.

Nthambi


Toledo, Ohio
20 Oktoba 1984

Dada,

Mungu anisamehe, niliisoma barua yako nikaitupa ukutani.

Tumeshindwa mara saba sasa. Kocha ameacha kupiga kelele. Anatutazama tu, na hilo ni baya zaidi. Natoka mazoezini miguu imekufa ganzi kwa baridi, nafungua kisanduku cha barua nikitumaini neno la Lydiah, nakuta kwamba kamati nzima ya Makadara imeketi juu ya mguu wangu!

Mweleze Mama hivi, taratibu. Amerika nzima inacheza mpira huu Jumapili. Watu wanatoka kanisani, wanakula, wanakaa kutazama. Mimi kuomba ruhusa ya Jumapili ni sawa na dereva wa garimoshi kuomba ruhusa ya kutopanda garimoshi. Kabla ya kila mchezo anakuja mchungaji, tunapiga magoti sote, majitu haya yenye shingo kama magogo, tunasali. Kisha tunatoka tunashindwa.

Na mwulize Mama swali hili moja. Wale wanaotushinda nao wanacheza Jumapili hiyo hiyo, uwanja huo huo. Kama Mungu amekasirika, mbona wao anawapa ushindi?

Mwambie Lydiah aniandikie hata mistari miwili. Na barua hii usimsomee mtu.

Kiilu


Makadara, Nairobi
2 Novemba 1984

Kiilu,

Nilitaka kuificha barua. Lakini Mama alikuwa ameshaiona stempu, na Mama akishaona stempu haketi. Nikamsomea lile swali lako tu, nikidhani litamnyamazisha. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. Akasema: "Wale wengine hawakufundishwa. Kiilu anajua."

Sasa wewe mwenye digrii, jibu hilo.

Lydiah hakuandikii kwa sababu baba yake amekataza barua mpaka jambo hili litulie. Jana alikuja hapa kutoka kazini, akakaa nami jikoni, akaniambia: "Nthambi, mwambie Kiilu mimi simwombi aache kazi. Namwomba tu asiniache nimesimama mlangoni mbele ya watu." Alikunywa chai yote, akaondoka. Nakuandikia hivyo hivyo alivyosema.

Na mzee naye amekata shauri. Anataka neno lako mwenyewe, limeandikwa, limefika kabla ya mwisho wa wiki ya kwanza ya Desemba, kwamba huchezi tena Jumapili. Lisipofika, tarehe 22 tusijisumbue kutafuta mbuzi. Nimembembeleza, nikamtumia mchungaji ambembeleze, yeye anarudia neno lile lile kama mlango mbovu.

Nimechoka, ndugu yangu. Nikienda dukani vijana wanaokaa pale kwenye ngazi wananiuliza, "Sasa Nthambi, brathako wamechapwa tena ama?" Mimi sijawahi kuliona hilo yai lenu hata siku moja, na bado ndimi ninayeshindwa kila wiki.

Habari njema ni kwamba mvua imenyesha, kwetu Machakos na hapa pia. Habari mbaya ni kwamba maombi yote ya mvua sasa yamehamia kwako.

Nthambi


Toledo, Ohio
23 Novemba 1984

Dada Nthambi,

Jana Alhamisi, sikukuu yao ya kushukuru, Hammers walishinda. Ndiyo mara ya kwanza baada ya kushindwa Jumapili kumi na mbili mfululizo. Pointi kumi na sita kwa kumi na tatu.

Mwambie Mzee Thuo kwamba sichezi tena Jumapili. Hilo ni neno langu na limeandikwa. Nitafika nyumbani Jumatano tarehe 19 Desemba.

Barua hii unaweza kuisoma kwa sauti.

Kiilu


Toledo, Ohio
28 Novemba 1984

Dada,

Hii usiisome kwa sauti. Isome peke yako, ukiwa kazini.

Yote niliyokuandikia Ijumaa ni kweli. Hammers walishinda, na mimi sichezi Jumapili. Sichezi Jumatatu pia, wala Alhamisi. Nilifukuzwa tarehe 19, siku tatu kabla ya huo ushindi. Mpira wa Alhamisi ile ulioleta zile pointi tatu za mwisho ulipigwa na kijana aliyeletwa mahali pangu. Mimi niliutazama kwenye televisheni ya mama mwenye nyumba, nikiwa na sahani ya bata mzinga mapajani, na yeye akinipigapiga bega kunipongeza.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa maana sina mwingine wa kumweleza. Jumapili ile ya tarehe 18 tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Zimebaki sekunde sita. Niliitwa. Umbali ulikuwa wa kawaida kabisa, dada, umbali ambao mazoezini napiga hata nikipiga soga. Bibi wa gazeti alikuwa amelikunja gazeti lake. Nilirudi nyuma hatua tatu na kando hatua mbili, kama siku zote, na nilipotakiwa kutazama mpira nikamsikia Mama akichambua mchele. "Kiilu anajua." Barua yako nilikuwa nimeipata siku ya Jumatano. Niliupiga ukaenda kushoto, mbali, hata haukuukaribia mlingoti. Asubuhi yake kocha aliniita, akanishukuru kwa heshima sana, na ndiyo imekwisha. Timu nyingine nilizopigia simu hazijajibu.

Simlaumu Mama. Lakini nina hasira, na sijui nimpelekee nani.

Nilipoandika Ijumaa niliona njia. Mzee anataka neno, neno ninalo, na ni kweli. Kwa nini nimnyime? Lakini tangu niitie posta silali vizuri. Niambie kama nimekosa.

Kiilu


Makadara, Nairobi
4 Desemba 1984

Kiilu ndugu yangu mpendwa,

Leo sina hata neno moja la kukugombeza, kwa hiyo hifadhi barua hii!

Yako ya tarehe 23 ilifika jana asubuhi. Nilimsomea Mama hapo hapo posta. Aliposikia Alhamisi alikaa chini kwenye ngazi za posta, watu wakaanza kumzunguka wakidhani ameanguka. "Alhamisi!" akawa anasema. "Siku yetu! Siku ya kikundi!" Alikwenda mwenyewe Umoja kwa miguu, hakungoja basi, na mimi nyuma yake na viatu vya kazini.

Mzee Thuo alivaa miwani akaisoma mwenyewe. Kisha akaniangalia, akaangalia karatasi, akasema, "Ameacha kabisa?" Nikasema, si unaona ameandika. Nilidhani atacheka au atashukuru, lakini alikunja tu barua akaniuliza kama unakula vizuri. Wazee wana mambo. Lydiah alitoka nje, nikamkuta nyuma ya nyumba ameshika kamba ya nguo analia na kucheka.

Mchungaji amesikia. Jumapili tarehe 23, siku moja baada ya sherehe, umewekwa kwenye ratiba utoe ushuhuda kwa vijana: jinsi ulivyoacha kazi ya dunia kwa ajili ya siku ya Bwana, na jinsi timu ilivyoshinda ulipoitii. Vijana wa ngazini nao wamesema watakuja. Hao!

Nimekuwa nikikuona mjinga tangu Septemba. Nisamehe. Sikujua una moyo wa namna hiyo.

Dada yako anayejivuna,
Nthambi


Makadara, Nairobi
10 Desemba 1984

Kiilu,

Ile ya tarehe 28 imefika leo. Niliisomea kazini kama ulivyoniagiza. Nimeharibu karatasi nne za mkubwa wangu.

Unaniuliza kama umekosa. Unaniuliza leo! Mimi nimekwishamwona Mama akikaa kwenye ngazi za posta. Nimekwishamwona Lydiah akilia. Jana umeombewa mbele ya kanisa zima, mchungaji akakutaja pamoja na Danieli. Ulijua vizuri barua hiyo itasomwa wapi na itasikika vipi. Ndiyo maana uliandika "unaweza kuisoma kwa sauti." Uliandika ukweli ukaupanga kama muuza nyanya, nzuri zikiwa juu.

Kwamba umefukuzwa kazi, pole. Nakwambia pole kwa moyo wangu wote, na kama ningekuwa karibu ningekupikia. Lakini umenitumia mimi. Tangu Septemba nabeba maneno, ya mzee kwako, yako kwa mzee, ya Mama kwa wote. Nimechoka kuwa mdomo wenu. Sitamwambia mtu, na sitadanganya mtu. Wewe ndiwe uliyeandika, na wewe ndiwe utakayeandika tena, kwa Mzee Thuo, kwa mkono wako, kabla ya Jumamosi ile ya tarehe 22. Akifunga mlango, aufunge akijua anamfungia nani. Lakini Lydiah asije akaolewa na ushuhuda.

Sijui kama barua hii itakukuta huko. Isipokukuta nitakwambia haya haya uwanja wa ndege, mbele ya mizigo.

Nthambi


Makadara, Nairobi
20 Desemba 1984

Kwa Mzee Thuo,

Baba, nakusalimu kwa heshima. Nilifika jana. Dada yangu anakuletea barua hii kwa mkono kwa sababu nimemwomba, na amekubali kwa sharti kwamba asiulizwe lolote.

Niliandika kwamba sichezi tena Jumapili. Ni kweli, lakini si kwa sababu uliyoidhani, na mimi nilikuacha uidhani. Sikuacha kazi kwa ajili ya ibada. Nilikosa kupiga mpira mmoja ambao sikupaswa kuukosa, nikafukuzwa. Kama nisingeukosa, ningekuwa bado nacheza Jumapili hadi leo, na ningekuwa nakuomba Lydiah hivyo hivyo.

Hakuna timu nyingine iliyonitaka. Nimerudi nyumbani na sanduku moja. Nina shahada yangu na nitatafuta kazi ya kufundisha.

Nampenda Lydiah. Hilo halijawahi kuwa uongo hata siku moja. Kama utaona sifai, nitalipokea neno lako, lakini nakuomba umwambie yeye kwamba nilifika, ili asidhani nilimwacha mlangoni. Naomba unisamehe.

Mimi,
Kiilu wa Munyoki


Umoja, Nairobi
21 Desemba 1984

Kwa Kiilu,

Barua yako dada yako aliileta jana saa kumi. Alikataa kuketi. Nimeisoma mara mbili na miwani na mara moja bila miwani.

Ule ushuhuda wa Jumapili nimeufuta. Nimemwambia mchungaji sauti yako imekauka kwa baridi ya huko. Huo ni uongo wangu, si wako.

Sasa habari ya Jumapili. Mimi niliendesha basi la abiria miaka kumi na tisa kabla ya kustaafu, na Jumapili nilikuwa na zamu kama mtu mwingine yeyote. Mama Lydiah ndiye aliyekuwa akienda kanisani kwa niaba yetu wawili. Kwa hiyo unaona kwamba sababu yangu haikuwa Jumapili. Hiyo niliiokota tu kama fimbo iliyokuwa karibu.

Lydiah ana kaka anayeitwa Johnson. Alikwenda Uingereza mwaka wa 1973, akafaulu kila alichokishika. Hakurudi hata kumzika nyanya yake. Hutuma kadi. Tangu hapo nimejua kwamba mtoto akishinda huko, huko ndiko kwao. Wewe ulipopata kazi ya kuonekana kwenye televisheni nilijua utakuja na mbuzi siku moja, na siku ya pili utaondoka na binti yangu.

Basi niliposikia mnacheza Jumapili, nilijua saa ya kuomba. Wenzangu wakiombea mvua, mimi nilikuwa kwenye benchi la wazee, macho nimefumba, namwomba Mungu Hammers washindwe. Sikuomba uumie. Niliomba mshindwe tu, wakuchoke, urudi. Jumapili saba niliomba, na Jumapili saba nilipewa. Ile Alhamisi sikuomba kwa sababu hakuna aliyeniambia kuna mchezo.

Sasa unaniandikia kwamba umefukuzwa kazi, halafu unaniomba mimi msamaha. Sijui niweke wapi uso wangu.

Leo asubuhi nimemwambia Lydiah yote. Ameniwekea chai mezani, akaenda kukaa kwa jirani, na mama yake amemfuata huko na birika. Wazee wako waje kesho saa nne kama tulivyopanga. Lakini wewe tangulia, uje saa tatu, peke yako, umwambie binti yangu kama umenisamehe au hukunisamehe. Ukisema hukunisamehe, mimi sina mdomo wa kutaja hata mbuzi mmoja.

Thuo